Neno Ambalo Kamusi Hakulijua

Kila siku baada ya shule, Kamusi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuokota pini zilizodondoka chini ya cherehani ya mama yake, akitumia sumaku aliyoifunga kwenye uzi. Ya pili ilikuwa kujibu maswali ya watu waliokuja kushonesha nguo. Kazi ya kwanza alitumwa. Ya pili alijituma mwenyewe.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia karatasi za vielelezo: ya kola, ya mkono, ya mfuko. Kabla ya kukata kitambaa, mama aliiweka karatasi juu yake, akaizungushia chaki, ndipo mkasi ukafuata.

Kamusi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilianzia darasani, ambako hakuna aliyemfikia katika Kiswahili. Walimu walimsifu, wenzake wakambandika jina hilo, nalo likamkaa sawasawa kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyake. Tatizo ni kwamba kamusi haiwezi kusema "sijui". Basi neno alilolijua alilieleza, na asilolijua alilieleza pia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Siku moja fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimwuliza maana ya "utohozi", neno alilolisikia redioni. Kamusi alikuna kichwa mara moja tu.

"Ni kazi ya kutoa pilipili hoho shambani," alijibu.

Mzee wa watu akaenda akamwambia kila mteja kwamba mpwa wake amepata kazi ya utohozi. Aliendelea hivyo mpaka mwalimu mmoja aliyeleta kiatu kushonwa alipomweleza kwamba utohozi ni kuchukua neno la lugha nyingine na kulifanya liwe la Kiswahili. Watu walicheka sana, na Kamusi naye akacheka. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakujifunza kitu.

Nyumba ile ilikuwa na watoto wengine wawili. Wa kwanza ni mdogo wake wa kiume, mwenye miaka mitano, aliyeitwa Injini kwa sababu akiwashwa asubuhi hakuzimika hadi usingizi umchukue. Wa pili hakulala pale, lakini alishinda pale. Huyo ni Kibonge, binti wa mama mdogo, mwenye miezi saba na mashavu ya kutosha watoto wawili. Mama mdogo alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Kila asubuhi alimwacha Kibonge kwenye mkeka kando ya meza ya kukatia, akamfuata jioni akiwa bado na unga kwenye nyusi.

Wiki hiyo Injini alizimika. Alianza kwa mafua na macho mekundu, ikafuata homa, kisha vipele vikamtoka usoni na kushuka kifuani. Mama alimpeleka zahanati. Muuguzi alimwangalia, akachukua damu kidogo, akampitishia kooni kijiti chenye pamba na kukifunga ndani ya kichupa.

"Nahisi ni surua, lakini hisia si majibu," muuguzi alisema. "Sampuli hizi zinakwenda maabara. Utaletewa ujumbe kwenye simu. Hadi hapo, mtoto akae ndani, mbali na wenzake, na hasa mbali na watoto wachanga ambao bado hawajachanjwa."

Kibonge hakuwa ameletwa tangu mafua yaanze, kwa kuwa mama mdogo alikuwa likizoni; sasa likizo iliisha, lakini hakuletwa. Mama mdogo alibaki naye nyumbani, na msimamizi wa kiwanda akaanza kununa. Alimtumia salamu kwamba asipoonekana kazini, watu wa kuziba nafasi yake wapo tele. Nyumba nzima ikawa inasubiri simu ilie.

Ililia alasiri moja, Kamusi akiwa chini anafukuzana na pini. Mama alikuwa katikati ya kushona kola, mguu kwenye pedali.

"Nisomee huo ujumbe, mwanangu. Nikiiachia kola hii itapinda."

Kamusi alisoma: "Majibu ya kipimo cha surua: CHANYA. Fuata maelekezo ya muuguzi."

Cherehani ilinyamaza. "Chanya ndiyo nini?" mama aliuliza.

Kamusi alizijua namba chanya na namba hasi za hisabati. Alijua pia maandishi yaliyobandikwa ukutani darasani kwao: Mwanafunzi bora ana mtazamo chanya. Kuhusu majibu ya maabara hakujua lolote. Lakini mama yake alikuwa akimtazama kwa macho yenye hofu, na Kamusi alitamani sana awe yeye wa kuiondoa hofu ile. Tena, Injini alikuwa ameanza kuomba mpira wake. Mgonjwa gani anaomba mpira?

"Chanya ni kitu kizuri, mama. Ni kinyume cha hasi. Majibu ni mazuri."

"Una hakika?"

"Mama! Mimi tena?"

Mama alishusha pumzi ndefu, akacheka peke yake, akampigia simu mdogo wake papo hapo. Jioni ile mama mdogo alifika mbio, Kibonge mgongoni.

"Si nilisema ni vipele vya joto tu!" alisema, akimtua mtoto. "Injini, njoo umwone mwenzako. Alikuwa anakulilia."

Injini alimpakata Kibonge. Alimbusu shavu la kulia, akambusu la kushoto, akakohoa, akambusu tena. Wote walicheka. Kamusi alisimama kando na sumaku yake, akiona kwamba furaha ile yote ameileta yeye.

Kesho yake asubuhi mama mdogo alirudi kazini, na Kibonge akarudi mkekani.

Siku hiyohiyo darasa la Kamusi lilipata mgeni. Kwa kuwa surua ilikuwa imeingia katika mitaa kadhaa, mwalimu wa sayansi alikuwa amemwalika mtaalamu wa maabara aje azungumze na wanafunzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko cha haraka. Wanafunzi walisimama na kumwamkia, "Shikamoo, daktari!"

"Marahaba. Ila mimi si daktari. Daktari anamtibu mgonjwa, mimi namtafuta anayemsumbua. Haya, nani ataniambia kirusi ni nini?"

Mkono mmoja uliruka juu nyuma ya darasa. "Kirusi ni lugha ya Warusi!"

Darasa lilivunjika mbavu. Mtaalamu naye alicheka hadi akafuta macho.

"Umejibu sawa kabisa, ila lugha sikuiuliza. Mnaona? Neno ni moja, maana ni mbili. Ndiyo maana kazini kwetu hatuliachi neno lipite hivi hivi. Tunaliuliza kwanza: hapa ulipo, una maana gani?"

Akaeleza kwamba kirusi anachokitafuta yeye ni kitu kidogo mno, hata ukivipanga virusi vya surua mstari mmoja, vitaenea elfu kadhaa ndani ya milimita moja. Watu hukiita mdudu, lakini mdudu anakula na kutembea, na kirusi hakifanyi hata moja kati ya hayo. Kikiwa peke yake hakiwezi hata kuzaliana. Ili kizaliane, lazima kiingie ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo sana vinavyojenga miili yetu.

"Kuna ambaye mzazi wake ana karakana?" aliuliza.

"Mama ni fundi cherehani," alisema Kamusi.

"Safi. Mna nini humo ndani?"

"Cherehani, nyuzi, vitambaa, vielelezo."

"Basi fikiria anaingia mgeni mwenye karatasi ya kielelezo tu. Hana cherehani, hana uzi, hana hata sindano. Lakini amevaa kama wateja wenu, kwa hiyo mlango unafunguliwa. Akishaingia, anaweka karatasi yake mezani. Mafundi wanaacha kushona sare na kuanza kushona kitu chake. Unadhani wanashona nini?"

"Nguo zake?"

"Wanashona wageni wengine kama yeye, kila mmoja na karatasi yake mkononi! Chumba kinajaa hadi kinaharibika. Halafu wageni wote wanatoka kwenda kubisha hodi kwa majirani."

Kamusi alisahau kwamba alikuwa darasani. Alikiona chumba cha mama yake, pedali zikienda mbio, na vitu visivyofaa vikitoka chini ya sindano.

"Kwani mafundi hawaoni kwamba hiyo si kazi yao?"

"Seli haiulizi karatasi ni ya nani. Inafuata maelekezo. Lakini mara nyingi inashtuka baadaye na kupiga kelele, na walinzi wa mwili wanakuja. Homa unayoisikia ni sehemu ya purukushani hiyo. Chanjo kazi yake ni kuwaonyesha walinzi sura ya mgeni mapema, akiwa dhaifu, ili siku akija mwenyewe wamkamate mlangoni."

"Sasa mnamwonaje, ikiwa ni mdogo hivyo?" aliuliza mwingine.

Mtaalamu alisema zipo hadubini kubwa zinazoweza kumwonyesha, lakini kwa kazi za kila siku wanatumia ujanja. Wanachukua ute wa koo la mgonjwa, wanautia katika mashine inayotafuta maelekezo ya kirusi cha surua peke yake. Mashine ikiyapata, inayanakili: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, na kila nakala inaongeza mwanga kidogo.

"Mwanga ukionekana mapema, tunajua tangu mwanzo vilikuwa vingi. Ukichelewa, vilikuwa vichache. Usipoonekana kabisa, tunasema hatukukuta. Hapo sasa tunaandika majibu. Je, mtu akiandikiwa 'chanya', maana yake nini?"

Darasa zima liligeuka. "Kamusi! Kamusi!"

Kamusi alisimama, akanyoosha sketi yake. "Maana yake majibu ni mazuri. Mtu huyo hana ugonjwa."

Mtaalamu hakucheka. Alitikisa kichwa polepole.

"Wengi hudhani hivyo, wala si wewe peke yako. Lakini maabara haisemi zuri wala baya. Inasema tu ilichokitafuta imekikuta au haikukikuta. Chanya maana yake tumekikuta. Mtu huyo anacho."

Kamusi alikaa. Hakukumbuka kukaa. Alimwona Injini akikohoa. Alimwona akibusu shavu la kulia, kisha la kushoto.

Kwa mbali alimsikia mtaalamu akiendelea. Kirusi cha surua huelea hewani, alikuwa akisema, na kinaweza kubaki chumbani hata mgonjwa akishatoka. Watoto wachanga huumia zaidi, wengine hupata kichomi, wengine hupoteza macho, na wapo wanaokufa. "Lakini mtoto mwenye miezi sita au zaidi aliyekaa na mgonjwa akichanjwa ndani ya siku tatu, mara nyingi tunauwahi ugonjwa. Siku tatu zikipita, mlango huo unafungwa."

Kamusi aliyapima mambo. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, labda Kibonge asingeambukizwa. Angeweza kusema ujumbe ulikosewa. Angeweza kumwambia mama, "Nimesikia mahali fulani kwamba chanya ina maana nyingine siku hizi." Kila uongo aliouwaza uliishia kwenye mashavu yale mawili. Aliona aibu, na zaidi ya aibu, aliogopa.

Kengele ilipolia, alimfuata mtaalamu hadi mlango wa ofisi.

"Kuna rafiki yangu..." alianza. Mtaalamu aliweka mkoba wake chini. Kamusi akaanza upya. "Si rafiki yangu. Ni mimi. Mdogo wangu ameandikiwa chanya. Nilimwambia mama ni habari njema, akaamini. Kibonge ameletwa jana, na sasa hivi yuko naye nyumbani."

"Kibonge ni mtoto? Ana umri gani?"

"Miezi saba."

"Ana maradhi mengine? Kuna dawa yoyote anayotumia?"

Kamusi alifungua mdomo kusema hana. Jibu lilikuwa tayari ulimini, kama kawaida yake. Halafu akaona kwamba hata hilo hakulijua.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka.

"Hilo ndilo jibu bora ulilonipa leo. Anayejua ni nani?"

"Mama mdogo. Yuko kiwanda cha mikate."

"Basi hatuna haja ya kubahatisha. Twende."

Mwalimu alimpa Kamusi ruhusa, nao wakaenda kwa miguu, haraka, mtaalamu akipiga simu zahanati njiani. Walipofika, Injini na Kibonge walikuwa mkekani wakigombea kipande cha kitambaa. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akamwona mwanawe na mgeni asiyemjua, akasimama.

"Kuna nini? Mbona saa hizi?"

Mtaalamu alimtazama Kamusi. Kamusi alielewa kwamba maneno haya hakuna mtu atakayemsemea.

"Mama, sikujua maana ya chanya. Nilijifanya najua. Injini ana surua."

Mama alimwinua Kibonge kutoka mkekani, akampeleka nje penye upepo, kisha akampigia simu mdogo wake. Mama mdogo alifika na aproni yake, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Aliposikia habari yote, alimgeukia Kamusi.

"Ungesema tu hujui!" alisema. "Neno moja hilo! Lingekuuma wapi?"

Safari hii Kamusi hakutafuta jibu la kubuni. Mtaalamu alimwuliza mama mdogo yale maswali yake, akajibiwa kwamba mtoto hana maradhi mengine. Wote wakaenda zahanati.

Kibonge alichomwa sindano, akalia kwa hasira zote alizokuwa nazo. Muuguzi alisema wamewahi. Alieleza kwamba chanjo hii ya mapema haitahesabiwa, hivyo mtoto atarudi kwa chanjo zake za kawaida umri wake ukifika. Injini alipewa vitamini A ya kulinda macho yake. Muuguzi alipouliza kuhusu chanjo zake za nyuma, mama aliinamisha kichwa.

"Dada yake nilimkamilishia zote. Huyu tarehe yake iliangukia siku za kuhama nyumba. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika."

Ikawa kazi ya kusubiri. Injini alitengwa chumba cha nyuma hadi muuguzi aliposema hawezi tena kuambukiza. Mama mdogo alipata ruhusa kazini baada ya muuguzi kuongea na msimamizi, na alikaa kwake na mtoto. Alipokutana na Kamusi njiani, alimpita kama anavyopita nguzo. Hilo lilimuuma Kamusi kuliko kuchapwa.

Karakanani watu waliendelea kuuliza. Fundi viatu alikuja na neno jipya la redioni, "ushoroba".

"Sijui, mzee," alisema Kamusi. "Ngoja nikaulize shuleni, kesho nitakuambia."

Mzee alivua miwani. "Makubwa! Kamusi imechanika ukurasa?"

Mama aliyasikia hayo kutoka kwenye cherehani. Aliacha kushona kidogo.

Wiki moja na siku kadhaa zilipita. Kila mtu alipoanza kupumua, Kibonge akapata homa. Mama mdogo alimkimbiza zahanati, na kijiti chenye pamba kikapita kooni mwake kama kilivyopita kwa Injini. Kamusi alipopata habari hakula chakula cha jioni.

Wiki ileile darasa lao lilipelekwa kuitembelea maabara, kama mtaalamu alivyokuwa amewaahidi. Walisimama nje ya dirisha kubwa la kioo, na ndani watu wenye makoti meupe na glavu walifanya kazi kimyakimya. Mtaalamu aliwaonyesha visahani vitatu bapa vilivyopakwa rangi ya zambarau.

"Humu chini tumetandika seli, zimebanana kama zulia. Tukazidondoshea virusi, tukasubiri siku kadhaa. Rangi inashika seli zilizo hai. Palipo peupe, seli zimekufa."

Kisahani cha kwanza kilikuwa cheupe karibu chote. Cha pili kilikuwa na matundu yaliyopandana. Cha tatu kilikuwa na matundu machache, kila moja peke yake.

"Kama nondo walivyokula kitambaa," alisema Kamusi.

"Hasa. Na kila tundu lilianza na kirusi kimoja kilichoingia katika seli moja. Ukihesabu matundu, umejua virusi vilivyoambukiza vilikuwa vingapi. Lakini hiki cha kwanza utakihesabuje? Huwezi. Kwa hiyo tunachukua tone, tunalichanganya na maji ya kutosha kulifanya hafifu mara kumi, halafu mara kumi tena, hadi tufike mahali panapohesabika. Kisha tunazidisha kurudi nyuma."

"Kazi ndefu! Kwa nini msikitazame cha kwanza mkakisia tu?"

"Kukisia si dhambi, mradi useme kwamba umekisia. Ukikisia halafu ukasema unajua, huo ni uongo, hata uwe umevaa koti jeupe."

Kamusi alitazama sakafu. Wenzake walipoanza kuondoka, alibaki nyuma.

"Sampuli ya Kibonge iko humu?"

"Imefika asubuhi hii."

"Ana surua?"

"Sijui," alisema mtaalamu.

Alilisema neno hilo wazi, bila kuona haya, na Kamusi akashangaa. Mtu mwenye hadubini na mashine zote zile!

"Kila sampuli inaingia mlango huu ikiwa na 'sijui' yangu juu yake," mtaalamu alisema. "Ningekuwa najua tayari, mashine zingekuwa za nini? Nenda nyumbani. Tukimaliza kupima, mtaambiwa."

Kesho yake jioni mama alikuwa akitia vifungo, na mama mdogo alikuwa amekuja na Kibonge, amemfunga kifuani kwa khanga. Hakutaka kuyasubiri majibu peke yake nyumbani kwake, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imeharibika wiki ile, zahanati ilikuwa na namba ya dada yake. Simu ilipolia, hakuna aliyesogea.

"Nisomee, mwanangu," alisema mama.

Mama mdogo alikaza mikono kumzunguka mtoto. Kamusi aliichukua simu. Aliusoma ujumbe kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti.

"Majibu ya kipimo cha surua: HASI."

Halafu mama mdogo, ambaye kwa siku zote zile hakuwa amemsemesha, alimtazama usoni.

"Haya, Kamusi. Hasi ndiyo nini?"

"Maana yake, kwenye ute waliouchukua kwa Kibonge, wametafuta kirusi cha surua na hawakukikuta. Hilo najua, mtaalamu alitufundisha." Alimpa mama simu. "Lakini kama homa ni ya nini, na kama hatari imekwisha kabisa, sijui. Tumpigie muuguzi."

Walimpigia. Muuguzi alisema homa ndogo huwapata baadhi ya watoto siku kadhaa baada ya chanjo hiyo, walinzi wa mwili wakiwa wanajifunza kazi. Majibu yale ni ya kutia moyo, alisema, lakini waendelee kumwangalia hadi siku za hatari ziishe zote. Homa ilishuka baada ya siku mbili. Siku za hatari zikapita, na kipele hata kimoja hakikumtoka mtoto. Injini naye aliwaka upya, mpaka mama akatamani kutafuta swichi yake.

Siku muuguzi aliposema yamekwisha, mama alimwita Kamusi kwenye meza ya kukatia. Mama mdogo alikuwa pale, akijiandaa kurudi kazini kesho yake. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa kipya cha sare, hakijaguswa na mkasi.

"Mimi nikiwa sijui bega la mteja lina upana gani, nafanya nini?" mama aliuliza.

"Unachukua futi, unampima."

"Miaka yote hii ya ufundi, bado nampima. Sikati kwa kukisia, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Neno ulilolisema siku ile lilikuwa mkasi, mwanangu, na mimi niliyekuamini sikuuliza mara ya pili. Wote wawili tulikata bila kupima. Kuuliza si ujinga. Na siku ulipogundua kosa ukalisema mwenyewe, mchana uleule, bila kungoja likuumbue. Ungesubiri siku tatu, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Kamusi aliitikia kwa kichwa. Alimgeukia mama mdogo.

"Nisamehe, mama mdogo."

Mama mdogo alimfungua Kibonge kutoka mgongoni, akamnyanyua kwa mikono miwili na kumwelekeza kwake.

"Na kumshika mtoto? Unajua, au hujui?"

"Hilo najua," alisema Kamusi, akampokea.